Usingizi wa Mchana

Longgang, Shenzhen
19 Mei 2022

Mpendwa Shangazi Lanfen,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limetulia tangu mvua zipungue huko Hunan. Kikohozi cha Bibi je? Mimi ni mzima. Naenda kazini, nakula, narudi.

Pilipili ulizotuma zilifika. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu siku hizi naitumia kupigia tu.

Uliniomba nipeleke jina la mwanao Peiwen kwa meneja ili aajiriwe hapa. Nilichelewa kujibu.

Kazi yangu ni ileile, kupima betri za simu mpya. Unajua mchana tunalala: tukishakula, taa zinazimwa na kila mtu anavuta kigodoro chake kutoka chini ya meza. Kwa miaka sita nimelala jirani na Kuang Shulan, yule aliyekuja nami mwaka mpya akakushinda kula pilipili.

Langoni simu zetu hubandikwa stika juu ya kamera, tusije tukapiga picha vitu ambavyo havijaanza kuuzwa. Mwezi uliopita Shulan alilalia simu yake, stika ikabanduka. Jioni mlinzi akamwuliza, "Dada, stika iko wapi?"

"Uliza mto wangu. Nadhani umeila."

Hakuna aliyecheka.

Meneja Kou alituita sote wawili. Si mtu mbaya, alitumiminia chai. "Hakuna anayesema wewe ni mwizi," akamwambia Shulan. "Tunachosema ni kwamba hatujui." Kisha akanigeukia. "Wewe unalala ubavuni mwake. Unamwamini?"

Nikasema namwamini.

"Ulimwona mchana ule?"

"Nilikuwa nimelala."

"Basi umemwamini usingizini," akasema, akafunika birika.

Shulan aliachishwa kazi siku hiyohiyo. Katika shajara yangu niliandika: mvua, samaki wa mvuke.

Kigodoro chake bado kiko chini ya meza. Mchana taa zinazimwa kama kawaida, nasi tunajilaza. Juzi niligeuka, nikaona macho ya mwenzangu wa mbele yako wazi. Na ya yule aliye nyuma yake pia. Nadhani hakuna anayetaka kuulizwa siku moja, kisha ajibu kwamba alikuwa amelala.

Mshahara ni mzuri, Shangazi, na chakula ni kizuri. Hilo sikufichi. Ila namkumbuka Peiwen usiku ule wa mwaka mpya, fataki zinalipuka dirishani na yeye amelala fofofo, wewe unamfunika blanketi. Jina lake sijalipeleka, na sitalipeleka. Akikasirika, mwambie ni mimi niliyekataa. Mwache alale.

Nisalimie Bibi, kaka Dehou na mkewe. Mpunga wenu ushike vizuri mwaka huu, na moto usizimike jikoni kwenu.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye,
Tan Xiuhe