Kidevu cha Jeuri

Ijumaa, Jeddah

Ijulikane kwa wote wanaohusika, yaani mimi na daftari hili, kwamba leo alasiri punda wa porini aliniwekea kidevu begani kwa hiari yake.

Bosi mwenye zizi alishasema: Jeuri asipokubali hatamu leo, anarudishwa jangwani alikokamatwa. Sisi wa kujitolea tulinuna. Ijumaa tano nimeunyima mwili usingizi wa mapumziko kwa ajili ya punda huyo.

Kazi yenyewe ni kukaa chini umempa mgongo, mpaka aje mwenyewe. Ukimtazama tu, anakimbia. Mimi nimezoea kutomtazama usoni madam ninayemfanyia kazi za ndani, kwa hiyo nilianza nikiwa tayari fundi.

"Usigeuke, shoga!" Salma, nesi wa Unguja, alininong'oneza kutoka kwenye ua. "Huyoo, anakuja!"

Nikasikia pumzi sikioni, kisha kidevu begani. Nikageuka polepole, macho chini, nikampapasa shingo, nikamvisha hatamu. Hata teke hakurusha. Bosi akasema, "Halas, abaki," akaliandika jina la Jeuri kitabuni. Nililia kidogo, sitaki kujidanganya.

Bosi alipoondoka, Salma akammwagia punda maji, maana punda wote zizini walikuwa wamegaagaa vumbini wakawa rangi moja. Vumbi likatoka, doa jeupe likatokea kwenye paji la uso.

Jeuri hana doa. Alikuwa nyuma ya pipa la maji, anatafuna mtandio wangu.

Ijumaa ijayo bosi akitaka kumwona Jeuri na hatamu, sijui...

Aliyenijia ni Asali, punda wetu mpole, anayevishwa hatamu kila wiki.