Nilimrushia Wifi Neno la Mungu, Akaacha Kula

Mama Eliakimu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usinionee huruma sana, maana wanaonionea huruma hawajui nilichofanya. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Noela, bado ananyonya, nauza nguo za watoto mtaa wa Kongo hapa Kariakoo, mume wangu ni fundi wa friji na muda mwingi anashinda kwenye maghorofa ya Upanga, tunaishi vyumba viwili kwenye nyumba ya kupanga yenye ukumbi mmoja na ua mmoja, wapangaji wote tunajuana mpaka kikohozi. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nikikosea kuandika unisahihishe, ila jambo lenyewe ni la kweli.

Mwaka jana tulimpokea wifi yangu Josepha, mdogo wake mume wangu, wazazi wao walishafariki huko Mahenge na mume wangu ndiye aliyemlea. Alikuja kutafuta kazi, akapata kwenye duka la vyombo, duka likafungwa, akabaki nyumbani, ikawa bila hata kukaa chini kukubaliana yeye anashinda na Noela na mimi naenda Kongo. Mwanzoni nilishukuru. Halafu uchovu ukaniingia, mama, ule uchovu wa kuamka kabla ya adhana na kurudi jua limezama, miguu imevimba, unafungua mlango unamkuta mtu amelala kwenye mkeka na simu kifuani, mtoto pembeni anachezea mfuniko wa sufuria, vyombo vya asubuhi bado viko kwenye beseni, na siku moja nikakuta mtungi wa gesi umeisha kwa sababu amechemshia maharage, maharage kwenye gesi, na mkaa upo! Laiti ningefoka, angelia, nami ningelia, tukayamaliza hapohapo.

Lakini sisi tuliokulia Kariakoo unajua tulivyo, mtu hasemwi usoni. Marehemu mama yangu alikuwa Mkristo safi, ila akikorofishana na jirani hatamki neno, anaingia ndani, anachagua khanga yenye maneno yake, anajifunga, anatoka kuchota maji taratibu mbele ya mhusika, ujumbe umefika. Mimi nilipoanza kusali kwa bidii kwenye jumuiya yetu nikasema khanga za mafumbo basi, nikazigawa, nikaanza kusoma Biblia kila asubuhi, na mstari ulionigusa nauweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Kinamama wa jumuiya wakawa wanausubiri. "Amina mpendwa." "Umenigusa." "Barikiwa mama wa Neno." Hapo sikuwa na ubaya.

Ubaya uliingia asubuhi baada ya ile gesi. Nilifungua Mithali nikakutana na yule mvivu anayeambiwa akajifunze kwa mdudu chungu, moyo ukaruka kwa furaha, nikaweka. Kuanzia hapo sikusoma tena kwa mpangilio, nikawa napekua. Mungu anisamehe, nilikuwa naipekua Biblia kama mtu anayechagua khanga dukani, hii hapana, hii laini mno, hii ndiyo itakayomkaa, mpaka nikafika kwa Paulo pale anapowaambia Wathesalonike kwamba asiyetaka kufanya kazi na asile. Nikaweka hilo kwa maandishi mekundu, na chini nikaongeza kipicha cha sahani. Nikaona wifi ameshafungua. Siku hiyo Amina zilikuwa nyingi kuliko siku zote.

Jioni akapakua ugali na dagaa, akaniwekea mimi, akamwekea kaka yake, akamlisha Noela. Nikamuuliza, "Sahani yako iko wapi?" Akasema, "Nimeshiba wifi, nilikula mchana." Alisema vizuri tu, bila kununa. Kesho yake hivyohivyo, na siku zilizofuata hivyohivyo, halafu vyombo vikawa vinang'aa, sakafu imepigwa deki, maharage yanachemka kwenye mkaa, na mimi, Mama Eliakimu, hapa mkono unakuwa mzito kuandika, mimi nilifurahi, nikasema moyoni kweli Neno la Mungu lina nguvu. Nilimwona amepungua nikadhani ni mambo ya wasichana na shepu.

Sasa chumba kinachotazamana na chetu anakaa Bi Kuruthumu, mama mtu mzima wa Kiislamu, anapika vitumbua. Nikiwa uani nawasha jiko akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Mama Noela, huyo binti yenu yuko kwenye mfungo gani?"

"Josepha? Hajafunga."

"Maana sisi Ramadhani tumeshamaliza, na Kwaresma yenu nasikia imepita. Nauliza tu, mfungo gani huo usio na futari?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wake. Yeye hakucheka.

"Kila mchana anaingia kwangu na mtoto mgongoni. Mtoto anampa uji, anambembeleza mpaka kikombe kinaisha. Yeye nikimkaribisha, nimeshiba bibi, nimeshiba bibi, na macho hayabanduki kwenye sufuria. Ikabidi nifunge mlango, nikamwambia humu hutoki mpaka wali huu uishe. Mpaka leo chakula chake ni hicho cha kwangu."

"Kakwambia nini?"

"Hajasema kitu, yule hana mdomo. Kanionyesha simu." Akakoleza mkaa wangu kwa kipepeo, taratibu. "Mie Biblia yenu siijui, mwanangu, na simsingizii Mungu. Lakini kijembe nakijua. Nimezaliwa hapahapa Kariakoo."

Akaniambia na lingine, kwamba wifi analala mchana kwa sababu Noela, wanayelala naye chumba kimoja, anaota meno na usiku ndiye anayeamka naye, anamtoa ukumbini anamtembeza ili mimi nisisikie kilio. Na mimi nilikuwa najisifu pale Kongo kwamba mwanangu halii usiku.

Niliingia ndani nikiwa nimekusudia kumpigia magoti. Nikamkuta mkekani, Noela amelala kifuani kwake, akanitazama, na mama, mdomo wangu ukafunguka ukasema, "Hilo sufuria la jana mbona bado?" Akamlaza mtoto, akaenda kuliosha.

Kesho yake niliporudi nilimkuta mtoto kwa Bi Kuruthumu. Josepha alikuwa ameshabeba begi lake kwenda Kigamboni kwa rafiki yake, na ujumbe aliouacha ulikuwa mmoja tu, kwamba Noela ameshakunywa dawa ya kikohozi, nisimpe tena mpaka asubuhi. Mume wangu alimpigia simu, akauliza kuna nini, wifi akajibu, "Nimeamua tu, kaka." Mume wangu akawaka. "Nimekulea kwa shida, leo unaondoka kwangu kama mwizi! Basi usinipigie tena mpaka siku unasikia nimekufa." Akakata. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake namnyonyesha mtoto, nikamgeuzia ziwa la pili. Josepha hakunitaja. Mpaka leo hajanitaja, na mume wangu kila akila anasema dada yake ana kiburi, na mimi namuongezea mboga.

Juu ya hayo, mwenyekiti wetu wa jumuiya, Mama Mektilda, amenipangia nitoe tafakari Jumamosi hii, na mada ni kuliishi Neno nyumbani. Nilijaribu kukwepa, akaniambia, "Nani mwingine kama si wewe unayetuamsha kila siku?"

Wifi amenifungia namba. Bi Kuruthumu anayo ya kwake na anaweza kunifikishia ujumbe. Nimeshatafuta mistari ya kuombana msamaha na nimepata mizuri sana, naomba unishauri nimtumie upi ili moyo wake ulainike. Na mume wangu nimwambie, au nimwachie Mungu aseme naye? Na tafakari niitoe?

Mimi Mama Noela, Kariakoo.

*

Marahaba, Mama Noela. Umesema nisikuonee huruma sana, basi nitakuonea kidogo kwanza. Kuchoka si dhambi. Mwanamke anayesimama juani kutwa na kurudi kukuta beseni la vyombo ana haki ya kuumia, na ile gesi ulikuwa na haki ya kuisemea. Sentensi moja ingetosha: wifi, maharage tuchemshie kwenye mkaa, gesi inanitoa jasho. Hukuisema, kwa sababu kusema usoni kunamruhusu na mwenzako ajibu, na ungejibiwa ungejua nani anaamka na mtoto wako.

Sasa unaniuliza umtumie mstari upi. Hakuna! Yaani mwanangu, baada ya yote hayo bado umekaa unapekua, zamu hii unatafuta wa kumlainisha? Josepha ameshapokea mistari ya kutosha kutoka kwako. Anachokosa ni wewe, kwa miguu yako na mdomo wako.

Paulo aliwasema watu wasiotaka kazi. Wewe ndani ya nyumba yako ulikuwa na mtu anayebeba mwanao mchana na usiku, ukahesabu kwamba hafanyi kitu kwa sababu kazi yake haipangwi kwenye meza mtaa wa Kongo. Ulisoma vizuri, ukamsomea mtu asiyehusika. Na mhusika wa kwanza wa kila mstari ni yule aliyefungua kitabu. Ungekisoma kile kifungu kwa ajili yako, ungejiuliza ni nani anakufanyia kazi na hajawahi kusikia asante. Hizo Amina nazo zisikudanganye, wale kinamama waliona maandishi mekundu, hawakuona sahani iliyokosekana.

Unataka kumwachia Mungu aseme na mumeo. Huko si kumwachia Mungu, ni kumwachia Josepha abebe. Binti amefukuzwa na mtu pekee aliyemlea, amelinda jina lako, na wewe unaongeza mboga. Hilo ndilo baya kuliko stetasi, kwa sababu stetasi uliiweka ukiwa na hasira, lakini huu ukimya unauweka upya kila mnapokaa kula.

Kwa hiyo leo, si kesho, mumeo akirudi mwache aoge, apumzike, kisha mwambie yote. Usianze na uchovu wako, wala usianze na gesi. Anza hivi: Josepha hana kosa, aliyemfukuza ni mimi. Halafu eleza ulivyofanya, na sehemu ile uliyofurahi usiiruke. Atakasirika, na ana haki. Usimjibu kwa maandiko. Akishatulia mwombe ampigie dada yake yeye mwenyewe, maneno yake mwenyewe, usimpangie.

Kabla hujaenda Kigamboni, tafuta kwanza nani atashinda na Noela, iwe ni jirani wa kumlipa au upunguze saa zako sokoni. Fanya hilo likamilike. La sivyo utafika kwa yule binti na magoti yako na machozi yako, na yeye atasikia neno moja tu, kwamba yaya anatafutwa. Ukifika usiseme "tusameheane". Yeye hajakukosea. Sema ulichofanya, mwombe radhi, na umwambie unajua kuhusu usiku wa ukumbini. Asipotaka kurudi, usimbembeleze. Nafasi ya kulala anaweza kupata kwingine, na pengine atapumua vizuri zaidi huko.

Tafakari ya Jumamosi usiitoe. Mwambie Mama Mektilda kwamba una jambo nyumbani hujalimaliza, ampange mwingine. Na nakuona tayari unafikiria kusimama mbele ya kinamama utoe ushuhuda huku unalia. Usithubutu. Njaa ya Josepha si mali yako ya kuhubiria, ukiisema pale itafika Kigamboni kabla ya jioni, na atakuwa ameaibishwa mara ya pili. Nenda jumuiya, kaa, sikiliza wenzako.

Biblia usiiache, maana najua ndilo litakalofuata, utaona aibu uifunge kabatini. Isome. Ila stetasi ipumzike, na ukisoma jambo likakugusa, litende ndani ya vyumba vyako viwili kabla hujalionyesha kwa mtu. Ukikosa la kutenda, vuka ukumbi ukamshukuru Bi Kuruthumu, aliyemlisha mtu wenu bila kuwatangazia nyumba nzima.

Msamaha wa Josepha si wako wa kudai. Anaweza kukupa, anaweza kukunyima, anaweza kukufungia mlango kama alivyokufungia namba. Ukifungiwa, geuka, panda kivuko urudi kwa mwanao. Lakini hakikisha kwamba siku unayogonga ule mlango, kaka yake ameshampigia.