Kuhusu Jeki, kabla hujafanya alivyosema Baba

Chang'ombe,
Dodoma.
29 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Anyesi,

Shikamoo Shangazi. Habari za Mpanda? Goti lako linaendeleaje, na ile dawa ya kuchua uliyoagiza imekusaidia? Na mjukuu wako Anna, ameshaanza kutembea bila kushika ukuta? Mara ya mwisho nilimsikia kwenye simu akipiga kelele, nikacheka mpaka Baba akaninyang'anya simu.

Sisi hapa hatujambo kiasi. Baridi ya mwaka huu ni kali, upepo unavuma kutwa na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria. Mama kifua kinamsumbua kidogo asubuhi. Mimi nimechaguliwa kwenda kidato cha tano, nangoja kuripoti, na kwa sasa namsaidia Baba kupepeta alizeti ghalani.

Utashangaa kuona barua badala ya simu. Simu ni ya Baba, na akikupigia anaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie. Haya ninayotaka kukuambia siwezi kuyasema akiwa amekaa hapo. Stanley, mtoto wa mama mkubwa, anakuja huko kwa kazi ya nguzo za umeme, ameahidi kukukabidhi mkononi.

Shangazi, ni kuhusu mbwa wako Jeki. Najua Baba alikuambia umwite bwana mifugo amchome sindano kabla hajamrarua Anna, kwa sababu Komesha wetu, ndugu yake wa tumbo moja, amemng'ata mtoto wa watu. Nilikusikia ukijibu kwamba utalifanya kaka Seth akirudi kutoka shamba. Naomba usome barua hii hadi mwisho kabla hajarudi. Sikuandikii kwa sababu nina uhakika. Ningekuwa na uhakika ningekuwa napata usingizi.

Baba alikueleza kwa kifupi tu, acha nikueleze ilivyokuwa. Ilikuwa Iddi ya kuchinja. Unawakumbuka jirani zetu wa ukuta mmoja, Mzee Swalihu na binti yake Mwanne. Kila Iddi wanatuletea pilau, na sisi Krismasi tunawapelekea maandazi na soda. Aliyetumwa na sahani ni Yusra, mtoto wa Mwanne, yuko darasa la tatu. Mtaa mzima unajua kwamba mchana Komesha hufungiwa bandani, basi Yusra akasukuma mlango wa uani kama siku zote, hodi akaipiga ameshaingia. Lakini Mama alikuwa amemtoa Komesha ili aoshe banda.

Komesha alimshika mkono, chini ya kiwiko. Nilimwita kwa jina, nikapiga kelele ambazo sijawahi kupiga maishani mwangu. Hakuachia. Aliachia Mama alipommwagia ndoo nzima ya maji ya sabuni usoni. Kisha, Shangazi, hili sijamwambia mtu. Alinijia mimi, akakaa mbele ya miguu yangu, akaniangalia kama anayengoja kupewa kitu.

Najua alikuwa anangoja nini. Hukuwahi kumwona Komesha akifunzwa, maana wewe ulimchukua Jeki angali mdogo kabisa, ulipokuja kwenye msiba wa Babu. Baada ya wezi kuvunja ghala, Baba alisema anataka mbwa wa kazi. Alijenga banda lisilo na dirisha, kwa sababu mbwa akiona watu mchana anawazoea, na akiwazoea halindi. Akashona gunia akalijaza matambara, akaliwekea mikono miwili kama mtu, akalining'iniza. Komesha akilishika mkono na kung'ang'ania, anapewa kipande cha nyama. Akiachia mapema, hapewi. Kuna wakati Baba aliambiwa kwamba nyigu waliokaangwa wakichanganywa na ugali humtia mbwa ukali, akaenda kuwatafuta, akarudi jicho moja limefumba kabisa kwa kuumwa. Tulicheka wiki nzima.

Wote tulicheka, hata majirani. Mzee Swalihu alikuwa akichungulia juu ya ukuta na kuuliza, "Mwalimu wa mbwa, mwanafunzi wako yuko darasa la ngapi sasa?" Baba anajibu, "Huyu yuko chuo kikuu, mzee wangu!" Na wageni wakija kununua alizeti, Baba anawaonyesha banda kwa mbali, anasema, "Huyo mnayemsikia nimemtengeneza mwenyewe."

Baada ya Yusra kung'atwa, tuliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Mimi nilikaa nyuma. Baba alisimama, akawaomba radhi jirani zetu, na matibabu anayagharamia yote, hilo halina ubishi. Lakini alipoulizwa kwa nini mbwa wake ni vile, alisema, "Ndugu zangu, hii ni damu. Hawa ni rotwaila, wamezaliwa hivyo. Ningefanya nini?"

Mwanne hata hakusimama. Alikuwa amempakata Yusra, mkono wote umefungwa bendeji. Akasema, "Baba Loisi, na kile chuo kikuu alisomeshwa na damu?"

Kuna waliocheka. Baba hakucheka. Siku ile nilitamani ardhi ipasuke niingie. Hakuna aliyeniuliza kitu, na hata ningeulizwa, unanijua mwenyewe, ndiyo maana unaniita bubu wako.

Bwana mifugo, anaitwa Respicius, aliagiza Komesha asiuawe kwanza. Afungwe mahali anapoonekana, atazamwe kama ana kichaa. Basi akafungwa kwa mnyororo chini ya mwarobaini, karibu na mlango wa uani ulio na nondo. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mtaa mchana. Mwanzoni alibweka mpaka sauti ikamkauka. Alibwekea baiskeli, kuku, hata mwavuli. Kisha akawa anachoka. Siku za mwisho, mama anayeuza mchicha akipita na kusema, "Wewe jambazi, umeamkaje?", Komesha alikuwa anatikisa mkia. Si sana. Ule mwisho wake tu.

Hakuwa na kichaa. Respicius akaja na sindano kama Baba na jirani walivyokubaliana. Nilimshikilia kichwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nampa chakula, na wengine walimwogopa. Sitaandika zaidi hapo.

Baba alimwuliza Respicius, mbele yangu, "Lakini si kweli hii mbegu ndivyo ilivyo?" Nilimwona anavyotaka aambiwe ndiyo. Respicius alijibu, "Wapo wanaozaliwa wakali, nimewaona. Wapo wanaotengenezwa, nao nimewaona. Huyu ameshakufa, siwezi kukuambia alikuwa yupi." Jioni ile ile Baba akakupigia wewe.

Sasa Shangazi, sitaki kukudanganya kwa kukueleza yale ya gunia peke yake. Kuna jambo jingine. Siku Baba alipowaleta Komesha na Jeki kutoka Ihumwa, wakiwa wadogo wa kutosha sanduku moja la sabuni, yule mlinzi aliyetupatia mbwa hao, Matonya, alituonya kuhusu mama yao. Alisema, "Huyu mama akishika kitu, haachii." Na nakumbuka Komesha usiku wa kwanza alishika pindo la kitenge cha Mama akalala nalo mdomoni, tukashindwa kulitoa mpaka tukalikata. Wakati huo hakuwa amefundishwa kitu. Hakuwa hata amefumbua macho vizuri. Jeki alikuwaje siku hizo, najaribu kukumbuka nashindwa. Nakumbuka tu kwamba alikuwa na doa jeupe kifuani na ulimbeba ndani ya sweta.

Kwa hiyo kila nikisema ni Baba, naliona lile pindo la kitenge. Na kila nikisema ni damu, namwona Komesha amekaa mbele yangu anangoja nyama yake.

Juzi nilimkuta Baba ameingia ndani ya banda. Alikuwa amechutama humo, mlango ameuvuta. Nilidhani anasafisha, lakini sikusikia fagio. Alikaa mpaka chai yake ikapoa mezani. Alipotoka magoti yalikuwa na vumbi, akawa anafikicha macho kwa sababu ya mwanga. Akachukua nyundo, akang'oa bawaba, mlango akauegemeza ukutani. Mama akamwuliza, "Unautengeneza?" Akasema, "Hapana."

Tangu hapo nangoja akupigie akuambie umwache Jeki. Hajapiga, na sidhani kama atapiga. Alishasema mbele ya mwenyekiti na mtaa mzima kwamba ni damu. Jeki akiachwa akawa mbwa mwema, watu watajua kosa lilikuwa la nani. Naogopa Shangazi, naogopa kwamba Jeki atauawa ili Baba asiwe na kosa. Nampenda Baba, na sijui kama mtoto anaruhusiwa kuandika maneno kama haya. Wewe ni dada yake mkubwa, ukiona nimekosa adabu unisamehe.

Ninachoomba ni umtazame Jeki mwenyewe, usimtazame kwa macho ya huku. Je, anawajua majirani zako kwa sura? Anakaa na watu mchana? Chukua kitambaa cha zamani, mpe akishike, kisha umwite. Kaka Seth awe karibu na fimbo, na Anna awe ndani. Fanya hivyo zaidi ya mara moja. Akiachia anapoitwa, naomba umwache aishi, lakini Anna asibaki naye peke yake hata kidogo, kwa sababu meno ni yale yale.

Asipoachia, usingoje barua nyingine kutoka kwangu. Fanya alivyosema Baba. Anna ni Anna. Mimi nitalia, lakini sitakulaumu.

Yusra anaendelea vizuri, anamaliza sindano za kichaa cha mbwa. Kidonda kimeanza kufunga, ila vidole viwili bado havikunjiki sawasawa, na hospitali wamesema tungoje. Jana alikuja mpaka mlangoni kwetu, hakuingia. Akachungulia chini ya mwarobaini, pana mnyororo bado. Unajua alikuwa na tabia ya kumwita Komesha kutoka upande wao wa ukuta, naye anajibu kwa kubweka, ulikuwa mchezo wao wa kila siku akitoka shule. Akaniuliza, "Da' Loisi, kwani alikuwa hanijui?"

Nilimwambia, "Alikuwa anaijua sauti yako. Sura hakuwahi kuiona."

Akafikiri, kisha akasema, "Kumbe ningemwita kwanza." Akaondoka. Mtoto wa miaka tisa, Shangazi, na yeye anatafuta kosa lake.

Nisalimie kaka Seth na mke wake Jenifa, na umwambie Jenifa ile mbegu ya mlenda aliyoiomba nimempa Stanley pamoja na karanga. Mama anakusalimu sana. Baba naye anakusalimu, ingawa hajui kama nimeandika. Ukiamua kumwambia, mwambie polepole, na uanze kwa kumwuliza habari za ule mlango.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, amkuze Anna akiwa na vidole vyake vyote, na kama si dhambi kumwombea mbwa, namwombea Jeki aachie.

Wako akupendaye,
Loisi, bubu wako.