Hakuna Mwanamume Aliyeishika Simu

Chanika, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, na miwani iwe karibu. Koo linaendeleaje? Mdogo wangu Zuhura aliniambia sauti bado inakwaruza, na ukiongea sana mchana, ikifika magharibi inakatika kabisa. Ile tangawizi unakunywa au umeigawa kwa majirani kama kawaida yako? Na magoti? Mvua imefika huko, au bado mnafuata maji bondeni? Mie mwili ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Mkweo Rashidi anakuamkia, yuko nje anafunga bati la choo. Hajui ninachoandika.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati tunapigiana simu kila Ijumaa. Nimeandika kwa kuwa simu siiamini tena, na kwa kuwa jambo lenyewe halisemeki hewani. Anayekuletea ni Mama Shaibu, jirani yangu, mtu wa Masasi, mwanamke mwenzetu aliyechezwa unyago. Isome mwenyewe, pole pole. Usimpe mjomba akusomee hata kama macho yanauma. Hii ni barua ya ndani.

Mama, nyimbo zetu zimetoka nje. Nimezitoa mie.

Nasema hivyo mwanzoni kwa sababu nikianza kuzunguka sitafika. Tena usidhani naandika huku nalia. Sijalia hata siku moja. Nimekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa. Juzi nimetia chumvi kwenye maharage mara mbili, Rashidi akala hivyo hivyo, nami nikala vilevile, wala sikuisikia.

Unakumbuka mwaka jana, baada ya mavuno, ulipotoka hospitali na daktari akasema sauti huenda isirudi kama zamani. Nikakuomba nikurekodi kwenye simu, maana mie ndiye niliyetajwa kukaa nyuma yako, na niko mbali, na mtu hajifunzi ukungwi kwa likizo ya wiki mbili. Ulikataa siku tatu. Ukasema nyimbo hizi zina nyumba yake, nikizitoa zitalala wapi. Siku ya nne ukaniita jikoni, ukafunga mlango, hata kuku ukamfukuza, ukasema, "Haya, washa hicho kidude chako." Ukaimba huku unagonga debe kwa vidole, kwa sababu ngoma ingesikika kwa mjomba. Ulipomaliza ukanishika mkono ukanipa sharti moja tu: simu hii asiishike mwanamume. Nikaapa.

Na kweli, mama, hakuna mwanamume aliyeishika. Hata Rashidi akitaka kujua saa nilikuwa namsomea mie. Akawa ananitania, "Una bwana humo ndani?" Namjibu, "Ninao wawili, tulia." Kazini ilikuwa inakaa kifuani, ndani ya sidiria. Usiku inalala chini ya mto, upande wangu.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Kazi yangu unaijua, nakaa getini kwenye yadi ya makontena kule Kurasini. Lori likiingia naandika namba, likitoka naandika namba, nagonga mhuri. Masika barabara ya huku kwetu inaharibika, mtu anaweza asifike kazini siku mbili, na bosi hataki kusikia habari ya matope. Ndipo Deo, karani mwenzangu, akasema kuna programu ya bure. Ukiiweka kwenye simu unafungua kompyuta ya ofisini ukiwa nyumbani kwako, unafanya kazi kama umekaa mbele yake. Na yeye akiwa ofisini anaweza kuingia kwenye simu yako kutoka huko huko, akakurekebishia ukikwama.

Akanyoosha mkono, "Lete simu nikuwekee." Nikamwambia simu yangu haishikwi. Akacheka, "Haya mama mkubwa, basi shika mwenyewe." Akakaa upande wa pili wa meza, mikono kifuani, akawa ananielekeza: bonyeza hapa, sasa hapa, shuka chini. Kikatokea kijisanduku cha maandishi kikisema mtu mwingine ataweza kuona kila kilichomo kwenye simu na kukiendesha. Nikamsomea. Akasema, "Sista, hayo maneno yapo kila mahali, we weka ruhusu." Nikaweka. Kikatokea kingine kinauliza, niwe nakubali mwenyewe kila mtu anapotaka kuingia, au niweke nenosiri moja la kudumu? "La kudumu, usije ukanisumbua kila saa." Nikaliweka, nikamwandikia kwenye kikaratasi pamoja na namba ya kuingilia. Na muda wote huo, mama, nilikuwa najisifu moyoni kwamba natunza kiapo. Mwanamume ameketi mbele yangu na hajagusa simu hata kwa ukucha.

Sikuuliza chochote. Kitu ni cha bure, watu kibao wanakitumia, na Deo ni mstaarabu, hajawahi kunipandishia sauti tangu nianze kazi pale. Nikaona yatosha. Rahisi ghali, wewe mwenyewe ndiye uliyekuwaga ukinifundisha hivyo tukienda mnadani.

Jumamosi moja nilikuwa hapa uani nachambua mchicha, simu nimeiweka juu ya ndoo. Kioo kikawaka chenyewe. Kurasa zikawa zinajifungua na kujifunga, kama kuna mtu anapekua kabati. Nikasema, "Ahsante, Deo," nikaendelea na mchicha. Nilimwambia ahsante, mama, kwa mdomo wangu huu. Kitu hicho ndicho kinachonirudia kila nikifumba macho.

Wiki tatu zikapita. Siku hiyo malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Akafika dirishani dereva mmoja wa Tunduma, baba mzima, mvi kidevuni, ananipa karatasi zake huku anaimba kwa chini. Nilikuwa naandika namba ya kontena. Nikasikia maneno. Ulikuwa ule wimbo wa kumtoa mwali alfajiri.

Mkono wangu uliendelea kuandika. Niliiandika namba sawasawa, herufi zote na tarakimu zote, nimeiangalia baadaye.

Nikamwuliza, "Kaka, huo wimbo umeutoa wapi?"

"Aa, sista! Hujausikia? Singeli mpya hiyo, imetoka Temeke. Kuna bibi anaimba mwanzoni, halafu mdundo unaingia. Bibi noma!"

Akaniwashia kwenye spika ya lori. Ulikuwa wewe, mama. Unavuta pumzi, unagonga debe mara tatu, unaimba mstari wa kwanza kwa sauti yako hiyo ya kukwaruza. Kisha wakakukimbiza, sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto, na mdundo ukaingia. Madereva wa nyuma wakashuka kwenye malori wakaanza kucheza pale pale kwenye vumbi. Mmoja aliweka taulo kichwani akajifanya mwali. Nikagonga mhuri, nikampa karatasi zake, nikamtakia safari njema.

Nilipomfuata Deo alikuwa anakula. Nikamwambia nilichosikia. Kijiko kikasimama hewani.

"Mie sijaingia kwenye mafaili yako, sista. Haki ya Mungu tena."

"Nani kaingia?"

Akakuna kichwa. Akasema programu ilikuwa inakatakata, akampa jamaa yake kile kikaratasi ili aangalie shida ni nini. Huyo jamaa ndiye anayetengeneza kompyuta za ofisi, na nyumbani kwake Temeke anatengeneza midundo. Akipata sauti popote anaichukua, ndiyo kazi yake.

"Nilikuruhusu wewe, Deo. Sikumruhusu yeye."

"Lakini programu ya bure ile, kila mtu anaitumia. Nilijua hakuna ishu."

Hakuwa na ubaya, nadhani. Hiyo hainisaidii. Alimpigia jamaa yake pale pale mbele yangu, na yule akajibu kwa furaha. Alisema bibi ana sauti kali sana, kama familia inataka, wataandika jina lake. Waandike jina lako, mama! Nikamwambia Deo amwambie aufute, na jina asilitamke popote. Aliufuta kweli kwenye kurasa zake siku hiyo hiyo. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Umo kwenye simu za madereva, umo kwenye spika za bodaboda, na walioupata hawana habari kwamba umefutwa.

Rashidi, nilipomwambia tu kwamba nimeibiwa vitu kwenye simu, alisema twende polisi. Nilikataa. Nitafika pale kaunta, askari ataniuliza kilichoibwa ni nini, nitasema ni sauti, ataniambia, "Cheza tusikie." Niicheze mbele ya wanaume ili nipate kulalamika kwamba wanaume wamesikia? Nikabaki nyumbani.

Jumapili iliyofuata jirani wa mtaa wa pili alikuwa na shughuli ya arobaini ya mtoto. Turubai, pilau, muziki mchana kutwa. Wakauweka. Wanawake wote wakainuka na khanga zao viunoni, isipokuwa mmoja. Mama Shaibu, ambaye huwa anaisikia sauti yako tukipigiana simu, alikuwa ameshasimama, akakaa tena, akaweka sahani chini. Akanitazama mie, na mie nikatazama sahani yake. Tulipokuwa njiani kurudi akaniuliza.

"Somoe, yule ni mama yako?"

"Ndiye."

"Nani kamtoa?"

"Mie."

Akakaza khanga kiunoni. Kisha akasema kule Masasi mdogo wake ameshausikia stendi, na wanawake wazima wameshaanza kuulizana ni kungwi gani huyo aliyelewa umaarufu uzeeni akaenda kuimba Temeke. Akasema, "Mwandikie. Asiambiwe na watu." Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, na ndiyo sababu ya yeye kupita hapo kwako Newala badala ya kwenda kwao moja kwa moja.

Simu niliipeleka kwa fundi wa kike, yupo mmoja Gongo la Mboto, akaifuta yote ikawa kama imetoka dukani. Nilitaka isibaki hata alama ya ile programu. Nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba na nyimbo zako zimefutika humo humo. Zote. Nilikaa kitandani nikiwa nimeishika. Nilidhani nitalia, sikulia, nikaenda kuanua nguo.

Sasa sikiliza, mama. Wanawake watakaa kikao kabla ya ngoma ya mwaka huu, nawe utaitwa. Sauti ni yako, hakuna wa kuikana, na watakuuliza nani aliyefungua nyumba. Nakujua. Utataka kusema ni wewe uliyekubali, kwamba mlango ulifunga mwenyewe na kuimba ukaimba mwenyewe. Usiseme hivyo, nakuomba. Ukisema hivyo watakuvua ukungwi, na umeubeba tangu mie sijazaliwa. Wanawake wote wa kijiji wamepitia mikononi mwako. Wewe ulimfundisha mrithi wako, na mfundishaji hana kosa. Sema Somoe aliapa na Somoe akavunja. Wape jina langu, uliseme kwa sauti hiyo hiyo uliyobakiwa nayo. Wakisema nisiingie tena kwenye nyumba ya unyago mpaka nife, nimekubali. Wakitaka nije nisimame mbele yao, nitapanda basi. Mama Shaibu naye atasema alichokisikia kwangu, amekubali.

Usinijibu kwa simu. Ukinijibu, mpe Mama Shaibu neno la mdomo, atarudi baada ya wiki mbili. Usipojibu, nitaelewa.

Nisalimie mjomba, mwambie dawa ya korosho nimeiulizia na nitamtumia na basi. Nisalimie bibi wa nyumba ya juu na goti lake, na shangazi, na yule jirani anayekuchotea maji, mwambie Mungu amzidishie. Wifi yangu mwambie khanga zake nimeziona, nimempelekea Mama Shaibu azibebe.

Na mdogo wangu Zuhura nisalimie wa mwisho, ukiwa naye peke yenu. Mwambie nafasi ya nyuma yako ni yake sasa, asikatae kwa ajili yangu. Aje kila siku akitoka shamba, mfunge mlango, umfundishe kwa kinywa, kidogo kidogo, kadiri sauti itakavyokuruhusu. Muanze na ule wa kumtoa mwali. Huo mie sikuwahi kuushika, mama. Mwaka mzima nilikuwa najiambia upo kwenye simu, nitaujifunza kesho. Leo Temeke nzima wanaujua, nami nikiusikia unapita barabarani nafunga dirisha, kwa sababu kujifunza kutoka kwao sitaki, na kwako sina haki tena.

Mwanao wa kwanza,
Somoe