Uso Juu ya Nishani za Jenerali

Petersburgi, 14 Januari 1827

Dada Ustinya,

Pokea salamu zangu, na mama nazo zimfikie. Kifua chake kimetulia? Ng'ombe ameshazaa? Mimi mzima, ila vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Uliuliza tena habari za kaka yetu Nikifor. Nitafika huko.

Kazi ni ile ile. Tangu nijikomboe utumwani nimechora vifua vya majenerali mia moja arobaini na wawili kwa ukumbi wa picha katika jumba la mfalme: vifungo, nishani, kamba za dhahabu. Bwana wetu, mchoraji kutoka ng'ambo, huchora nyuso, kisha hutia jina lake. Langu halipo hata pembeni.

Makoti yao huvaliwa na Pakhom, askari mstaafu mwenye mguu wa mti, nami nikichora. Kila asubuhi hunitania: haya Yefim, nipe cheo, njaa nimekuja nayo mwenyewe. Novemba likaletwa koti la marehemu Jenerali Vereshin. Pakhom akalitemea mate, akakataa kulivaa. Nikambana mpaka akasema kwa nini.

Jenerali aliyekufa bila kuacha picha, fremu yake ukumbini hufunikwa hariri ya kijani, jina likabaki chini. Vereshin hakuacha. Mjane wake akaja akifoka kwamba kitambaa cha kijani ni cha meza ya kamari, si cha mumewe. Ukaguzi wa ukumbi ulikuwa umebakiza siku nne na bwana alikuwa hoi kwa homa. Akaagiza nichore uso wowote, sahihi ataweka yeye.

Nikachora. Mjane akautazama kitambo, akasema mumewe hakuwahi kuwa na macho ya huruma namna ile, lakini basi, tuuache.

Dada, uso ule ni wa Nikifor. Alikuwa kikosi kimoja na Pakhom. Alisinzia lindoni, Vereshin akaamuru fimbo elfu moja. Alikata roho kwenye ya mia sita na arobaini. Zilizobaki walizimalizia kwenye maiti. Ni miaka tisa sasa. Tangu Novemba nimewaandikia mara tatu kwamba sina habari zake. Zote tatu nilidanganya.

Kila Jumapili mama humpa padri jina lake kwenye orodha ya walio hai. Mwambie alihamishie orodha ya marehemu. Kaburi hakuna. Watu wetu hawaingii jumba lile, lakini ana fremu ya dhahabu, na maofisa waliohesabu fimbo zake wakipita hapo humpigia saluti.

Ukimaliza kusoma, itie barua jikoni iungue. Mshike mama mkono kabla ya kumwambia.

Ni mimi ndugu yako,
Yefim