Bawa la Msufi Limeruka, Athumani

Athumani, ndugu yangu,

Kwa heshima na taadhima, natangaza rasmi kwako na kwa wote wanaohusika huko uliko, kwamba mlango wa choo chetu hapa Chang'ombe umepata komeo. Ni komeo la chuma, linafunga kwa ndani, na limezinduliwa Jumapili na mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye aliingia, akafunga, akashindwa kutoka. Tulimsikia akihutubia humo ndani mpaka alipopatikana mtu mwenye nyundo. Ulilingoja komeo hilo tangu tupange nyumba hii, ukawa unaimba kila asubuhi ili watu wajue choo kina mtu. Sasa haimbi mtu. Nyumba imekuwa kimya mno, bwana.

Habari nyingine ni ndogo tu: ndege yako imeruka.

Tulia, nitakueleza. Najua ungeshanikatiza hapa mara kadhaa.

Siku ulipokuja kwenye kibanda changu cha vinyago na kile kijiinjini chako, kidogo kama limau, ulichoachiwa na mhandisi wa kiwandani kwenu aliyerudi kwao, nilidhani unataka nikuchongee kisanduku cha kukitunzia. Ukasema, "Kosmas, nataka bawa." Mie, mtu wa mpingo! Mie ambaye kila kuku niliyewahi kumchonga wateja wameniuliza ni mnyama gani! Nikakuuliza ndege yenyewe itaongozwa na nani angani. Ukanieleza kwamba inafungwa nyaya mbili nyembamba, mtu anasimama katikati ameshika mpini, ndege inamzunguka. Akiuinua inapanda, akiuinamisha inashuka. Nikakwambia hiyo si ndege, ni mbuzi aliyefungwa kambani. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Lakini ulijua umeninasa. Mpingo ukikuangukia mguuni unalazwa hospitali. Ule ubao wa msufi ulioubeba kutoka kwenu Chanika, uliponiangukia, niliuliza umekwenda wapi.

Bawa la kwanza nililiharibu kwa ufundi. Nililichonga, nikalisugua, halafu mkono wangu ukafanya unavyofanya kwa kila kinyago kinachotoka pale kibandani: ukalipaka dawa ya viatu nyeusi na kuling'arisha. Lilimetameta kweli. Ulipokuja na karatasi na gundi ulivike, karatasi ikateleza kama yai kwenye sahani ya mafuta. "Kosmas! Umelipaka dawa ya viatu? Linakwenda kazini?"

La pili ukakaa ubavuni kwangu. Mwaka ule msasa wa dukani ulikuwa hadithi tu, kwa hiyo tulikwenda Pugu kuchuma majani ya msasa, mie nikiwa mtu mzima mwenye heshima zangu nimebeba gunia la majani kama nakwenda kulisha sungura. Ulinielekeza kwa mdomo, maana tezo yangu hukuruhusiwa kuigusa. "Mbele mviringo. Nyuma pembamba kama ukingo wa kisu. Mgongo uinuke karibu na mbele, halafu ushuke pole pole. Pole pole, bwana wewe, hapo unachonga ndege, si shetani!" Ulikata kigezo kwenye boksi la sabuni, ukawa unakipitisha juu ya ubao toka ncha hadi ncha, jicho moja umelifumba. Mwanga ukionekana chini ya kigezo, basi: "Nikichungulia hapa naiona Temeke yote." Usipoonekana ulinyamaza. Nilijifunza kuupenda ukimya wako, na sikudhani utakuja kuwa mwingi hivi.

Tukagombana kuhusu upande wa kushoto. Ulitaka uzidi wa kulia kwa upana wa vidole viwili. Nikakataa. Maisha yangu yote nimekula kwa kulinganisha: sikio na sikio, bega na bega. Ukasema nyaya zinatokea kushoto, na nyaya zina uzito wake, upande huo lazima uwe na nguvu ya kuzibeba. Nikachonga huku nanung'unika. Kila nikilitazama lile bawa nilihisi ninamtazama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Halafu kikaja kile kifua ulichokiita mafua.

Pale wodini watu walikuuliza hali yako, wewe ukaniuliza mie nimefika wapi. Nikasema bado upande wa chini. Ukavuta pumzi kwa taabu, ukasema, "Usipunguze kushoto." Wenzangu hufarijika kwa wosia wa mashamba na malezi ya watoto. Wangu ndio huo.

Tulipokuzika Chanika nilirudi nikaliweka bawa juu ya kenchi, nikawa sitazami juu. Lakini wewe uliwaapia mafundi wote wa karakana yenu kwamba ndege iliyotengenezwa Chang'ombe itaruka, na wakacheka, na hukuwa tena na mdomo wa kuwajibu. Rajabu, yule mwenye sauti kubwa, akaja kibandani kwangu na wenzake. "Fundi, lile bawa la marehemu si ulifanye ubao wa kukatia nyama?" Wakacheka tena. Wangenicheka mie, ningecheka nao, nina mazoea. Lakini lile lilikuwa neno lako, na wao walikuwa wanalikanyaga.

Nikalishusha siku hiyo hiyo.

Sikiliza, nijisifu kidogo. Upande wa chini niliumaliza bila tezo kabisa. Mpingo unaulazimisha, msufi ukiulazimisha unakatika kama mkate. Nilikaa na majani ya msasa, nikafumba macho, nikawa nalipitisha bawa kati ya dole gumba na cha shahada, natafuta kivimbe. Kigezo chako kilipita toka ncha hadi ncha. Temeke haikuonekana hata uchochoro mmoja. Nikanyamaza kwa niaba yako.

Nikalivika karatasi, nikalifunga kwenye kiwiliwili na mkia ulivyoviacha tayari, na kila mtu akataka ndege irushwe mara moja. Nikakataa, kwa sababu kile kijiinjini chako kilikuwa kinamtii mtu mmoja tu, mkeo Zuhura. Ndiye aliyekuwa akikuchanganyia mafuta ya nyonyo na mafuta ya taa na ile dawa yenye harufu ya hospitali, na ndiye aliyejua kulipiga pangaboi kidole likashika. Na shemeji alikuwa ndani, kwenye eda. Mjumbe akaniuliza, "Kwani ndege nayo inakaa eda?" Nikamjibu, "Inakaa, Ndugu Mjumbe. Ikitoka utaalikwa."

Eda ilipokwisha aliniita mwenyewe. "Shemeji, lete ndege yetu."

Sasa huku mtaani wanasimulia kwamba Fundi Kosmas aliizungusha ndege mpaka mafuta yakaisha, akaitua kama kunguru juu ya paa. Nimepewa mikono, nimenunuliwa chai. Wewe nakuandikia kilichotokea hasa.

Tulikuwa kwenye uwanja wa mpira wa kiwandani kwenu, mie katikati nimeshika mpini. Rajabu, kwa kejeli, alijitolea kuishika ndege mkiani. Zuhura akachuchumaa, akapiga pangaboi. Likamng'ata kidole, akalitukana. Akapiga tena, likalia. Kejeli zikakatika pale pale. Rajabu akaachia. Ndege ikakimbia kwenye nyasi, ikatikisika, na bawa likabeba. Athumani, bawa lilibeba! Nililihisi kwenye nyaya, likinivuta mkono kama mtu anayetaka kunionyesha kitu.

Kitu ambacho hukuniambia ni kizunguzungu. Bomba la kiwanda, nyuso za watu, goli, bomba la kiwanda. Miguu yangu ikapishana, nikakaa chini kwa makalio, puu, mpini bado nimeuinua kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Nyaya zikalegea, ndege ikaanza kuinamia nyasi. Zuhura akaja mbio, akapita chini ya nyaya, akauchukua mpini mkononi mwangu. Nilidhani amekuja kuniokoa mie. Alikuja kuokoa ndege, na hakukosea.

Zile jioni zote ulizokuwa ukimzunguka uani umebeba ubao, yeye ameshika mpini katikati, nami nawacheka kwamba mmerudi utotoni, kumbe ulikuwa unamfundisha. Aliinyanyua. Aligeuka kwa kisigino, taratibu, kidevu juu, kanga imekazwa kiunoni, mpaka injini ikanyamaza. Kisha akaileta chini bila haraka yoyote, ikagusa nyasi, ikainamisha pua. Bawa halikupata hata ufa.

Rajabu akalipitishia kidole kutoka mbele hadi nyuma. "Nani kachonga?" Zuhura akasema, "Athumani na shemeji yangu." Mie bado nilikuwa chini, dunia haijatulia, nikalisikia jina lako likitangulia langu, na likanikaa vizuri.

Pumzika, ndugu yangu. Ahadi yangu ni hii: kila atakayenipongeza kwa kuirusha nitamsahihisha mbele za watu, hata akiwa mjumbe, hata chai ikiwa imeshamiminwa. Kuchonga, nilichonga. Aliyeirusha ndege yako ni mkeo.

Kosmas