Bastola Kwenye Mkoba wa Nepi

Mpendwa Bi Ardith,

Nina miaka ishirini na tatu na shule sikuimaliza, kwa hiyo nivumilie mwandiko, lakini kuna jambo limenikaa kifuani wiki tatu sasa, na kwa kuwa wewe ulikuwa askari wa kaunti miaka mingi kabla hujaanza kujibu barua za watu gazetini, nimeona nikikukosa wewe sina mwingine wa kumuuliza.

Mume wangu Trace anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta, wiki mbili yuko huko na wiki mbili yuko nyumbani, na nyumba yetu iko mwisho wa barabara ya changarawe, askari akiitwa anachukua dakika arobaini kufika. Machi iliyopita mwanamume nisiyemjua alinifuata na gari lake mchana kweupe kutoka kituo cha mafuta mpaka getini kwetu, akasimama pale injini inaunguruma, hakushuka, baadaye akageuza akaenda zake, na mimi wakati wote huo nina Boone wangu kwenye kiti cha nyuma anaimba. Tangu siku hiyo nabeba bastola. Mafunzo nimeyapata na shabaha yangu ni nzuri kuliko ya Trace, ukimuuliza atakataa lakini ni kweli.

Tabu ni pa kuiweka. Mama mkwe wangu, Verlene, aliposikia habari ya yule mtu alinishonea mkoba wa nepi. Vidole vyake vina baridi yabisi, kushika sindano ni kazi, lakini alishona majira yote ya masika, akadarizi jina la Boone na kulungu mdogo, na ubavuni akatia mfuko wa siri wenye zipu, wa bastola. Siku ya kunipa alinishika mashavu akasema, "Huu, mwanangu, hata shetani akikukagua haoni kitu." Nililia, Bi Ardith, maana mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja na tangu hapo hakuna mtu aliyekaa chini akanishonea kitu.

Sasa Jumapili ile ya chakula cha pamoja kanisani, niliweka mkoba sakafuni karibu na miguu yangu, nikageuka kumpakulia mzee mmoja maharage na mkate wa mahindi, haikuwa hata dakika, kugeuka tena namkuta Boone amekaa chini, zipu ameshaifungua na mkono umezama kwenye mfuko ule mpaka kwenye kifundo. Ana miezi ishirini. Niliutoa ule mkono polepole, akanichekea akidhani tunacheza. Hakuna aliyeona. Nilikwenda chooni nikatapika, nikanawa uso, nikarudi nikala pai ya pichi kama watu wengine.

Sijamwambia Trace na Verlene ndiyo kabisa. Kila nikienda mjini ananipigia simu, "Umeubeba mkoba?" namwambia ndiyo, mama, na kweli nimeubeba, ila ndani mna nepi tu na bastola nimeifungia kwenye kisanduku nyumbani, halafu njia nzima naangalia kioo cha nyuma.

Mahali pengine nimejaribu pote. Mbele ya tumbo inakaa juu ya kovu la upasuaji niliojifungulia, nikikaa kuendesha gari naona nyota. Kifuani siwezi, Boone bado ananyonya na mikono yake haitulii. Nikaifunga kwenye kifundo cha mguu, Trace akaniuliza kama nitamwomba huyo adui asubiri niiname. Mgongoni chini ni kama kukalia jiwe, tena nilipoinama dukani kuokota kiatu cha Boone shati likapanda, mzee aliyekuwa nyuma yangu akasema taratibu, "Binti, shati lako limeshasema yote." Kiunoni kulia ndipo nilipopapenda, lakini suruali zangu tangu nijifungue ni hizi za mpira, bastola inazivuta chini, nashika suruali kwa mkono mmoja na mtoto kwa mwingine.

Nataka kumlinda mwanangu, na sitaki kumvunja moyo mwanamke aliyenifanya mtoto wake. Niiweke wapi, na yeye nimwambie nini? Naamini njia ipo.

Wako,
Shaylin

*

Shaylin mwanangu,

Pumua kwanza. Mtoto wako mzima, na ulipaswa kutapika, mama yeyote mwenye akili angetapika. Pia ulifanya vizuri kuitoa bastola kwenye mkoba. Hapo ndipo sifa zako zinapokoma, kwa sababu umekaa wiki tatu unamwambia mama mkwe wako ndiyo ambayo ni hapana.

Tuanze na mwili. Mkoba unawekwa chini, unatundikwa kwenye kiti, unasahaulika kwenye toroli la duka, na mkoba wa nepi ndio mkoba ambao mtoto anauona wake, una biskuti zake mle. Bastola inakaa ama mwilini mwako ama kwenye kisanduku kilichofungwa. Hakuna mahali pa tatu, hata kama pamedariziwa kulungu.

Mbele acha, kovu limeshakujibu. Mgongoni acha pia, ukiteleza kwenye barafu unaangukia chuma na uti wa mgongo, na mtoto akikukumbatia kwa nyuma mkono unafika palepale. Kifundo cha mguu ndiko anakoishi mtu wa miezi ishirini. Kifuani ni jikoni kwake. Kwa hiyo ni kiunoni, upande wa kulia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, na Boone umbebe kushoto siku zote, hata mkono ukichoka. Umejaribu mwili mzima, binti, wakati mwenye kosa ni suruali. Nunua ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, siyo ile ya kitambaa inayojikunja, na mkanda mgumu wa kuishikilia. Vaa na uvue bastola ikiwa ndani ya ala yake, usiichezeechezee kuingiza na kutoa.

Halafu ivae wiki nzima nyumbani ikiwa tupu, umeikagua mara mbili, risasi ziko chumba kingine. Kaa nayo, pika nayo, mfunge Boone kwenye kiti cha gari, inama uokote viatu vyote anavyotupa. Choo nacho kifanyie mazoezi, nimezunguka kaunti hii kuwarudishia watu wazima bastola walizosahau chooni na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni. Pakikuuma, sogeza kidogo. Na siku utakayoamka mgonjwa au mtoto analia tangu alfajiri, iache kwenye kisanduku. Mama aliyechoka hana deni la kubeba chuma.

Yule mwanamume mwenye gari umemripoti? Hukusema. Nenda ukaripoti, kesho, rangi ya gari na kila unachokumbuka.

Sasa Verlene. Unaogopa kumvunja moyo kwa kumwambia ukweli, na mimi nakuambia atavunjika moyo akijua ulimficha. Aliushona mfuko ule ili mjukuu wake awe salama. Mwambie ana kwa ana, siyo kwa simu, mwambie mkono ulifika wapi. Atalia. Mwache alie, usimkatize kwa kumwambia siyo kosa lake kabla hajamaliza. Akishatulia mpelekee suruali zako na umwombe azitie vitanzi vya mkanda vyenye nguvu, na mashati ayaongeze urefu kwa nyuma. Mkoba endelea nao. Mfuko ule weka tishu za kumfutia Boone pua.

Nimebadilisha majina na nimelificha kanisa lenu, lakini mkoba wenye kulungu katika kaunti hii upo mmoja, na aliyeushona atautambua akifika aya ya tatu. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa posta kabla halijaenda kiwandani kuchapwa. Gazeti linatoka Alhamisi ijayo. Nenda kwake Jumapili, baada ya ibada, Boone akiwa amelala.

Bi Ardith